Papai Bichi la Mama Mdogo

Kaa hapa karibu nami, upande huu usiopigwa na jua, na kama una haraka basi rudi siku nyingine, kwa sababu jambo hili haliwezi kuelezwa mbio mbio. Mimi kazi yangu ni kueleza. Kwa miaka mingi nimefundisha wauguzi, na wanafunzi wangu husema sichoki kurudia. Ni kweli, sichoki. Lakini wiki iliyopita nilikwenda Kilifi kumzika mama mdogo wangu, Bi Zuhura, na baada ya hitma nikakalishwa kwenye mkeka na mwanamke mmoja aliyekuwa akipika naye harusini, akaniambia maneno machache tu. Tangu siku hiyo mwaka ule niliokaa kwao Kibarani umenirudia wote, chumba kwa chumba na sahani kwa sahani, na nimeona kwamba sikuwahi kuuelewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimepelekwa Kilifi kujifunza kazi ya maabara kwa mwaka mmoja, na mama mdogo akasema hakuna mtoto wa dada yake atakayepanga chumba mjini yeye yuko hai. Nikapewa chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo linalotazama jikoni, na ule ukawa ndio mtazamo wangu wa dunia kwa mwaka mzima: jiko la mawe matatu nje ya mlango, masufuria ya harusi yaliyoegemezwa ukutani, mbuzi ya kukunia nazi, na mpapai mmoja mrefu uliozaa hata ukiusahau. Mama mdogo alikuwa mpishi wa harusi. Kuanzia Malindi hadi Mtwapa, watu walipanga tarehe ya nikaha wakishamwuliza yeye kama ana nafasi. Siri yake haikuwa siri, kila mwanamke wa pwani anaijua: nyama ngumu, ya ng'ombe aliyezeeka akitembea, huipaka papai bichi. Yeye alilikuna kwa ile mbuzi ya nazi, akalisugua kwenye nyama kwa vidole vyote kumi, akaifunika kwa sinia na kuiacha. Ikifika motoni inaachana yenyewe. Msaidizi wake, Kadzo, mama wa Kigiriama aliyecheka kwa mwili mzima, alikuwa akisema, "Nyama ya Zuhura hata asiye na jino ale, na mwenye meno ajute kuyaota."

Mumewe, Baba Mdogo Athmani, alikuwa mwashi. Alijenga kwa mawe ya matumbawe, na jioni alirudi mweupe wa vumbi hadi kwenye kope. Ujanani alivuta sigara, akaacha. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila mezani alikuwa na desturi moja: hakuanza kula mpaka mama mdogo aketi. "Kaa kwanza," humwambia. "Siwezi kusifu mtu aliyesimama." Naye mama mdogo husonya kidogo, akikaa huku uso wote umefunguka.

Kikohozi kilikuwa kimeanza kabla sijafika. Kwanza walidhani ni kifua kikuu, na sitaki umlaumu mtu, kwa maana kukohoa, kukonda na homa za jioni ni vya ugonjwa huo na vya ule aliokuwa nao kweli. Akanywa vidonge vya kifua kikuu kwa miezi, kwa uaminifu, akiviweka kwenye kikombe cha kahawa karibu na msala wake wa kuswalia. Alizidi kukonda. Mkono aliozoea kuinulia jiwe ukaanza kushindwa na birika. Hatimaye tukapelekwa Mombasa, wakamchoma sindano ya kutoa kipande cha pafu, na wiki tatu baadaye tukaketi watatu mbele ya daktari kijana aliyekuwa akizungusha kalamu. Saratani ya mapafu, akasema. Na imeshatembea: iko kwenye ini na kwenye mfupa wa nyonga. Baba mdogo akamwuliza swali moja tu, kama bado anaweza kupanda ngazi za kujengea. Daktari akatazama kalamu yake. "Hapana, mzee." Baba mdogo akasema, "Haya," kama mtu aliyeambiwa saruji imekwisha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Siku ya pili kulikuwa na harusi ya jirani, na mama mdogo, aliyekuwa hajui kuvunja ahadi, akakaa jikoni na Kadzo wakiandaa nyama. Mikono yake ilikuwa ndani ya sinia, imejaa papai. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Salma, wewe umesoma. Kitu kilikuwa kifuani. Kimefikaje kwenye nyonga? Kina miguu?"

Kama ungeniona siku hiyo! Nilikuwa nimesoma hayo hayo mwezi uliotangulia, nami nilikuwa na hamu ya kuyasema. Nikachuchumaa karibu naye. Nikamwambia mwili umejengwa kama nyumba ya baba mdogo: seli ni mawe, na kati ya mawe kuna chokaa, ambayo ni nyuzi za protini zilizosukwa zikashika kila seli mahali pake. Chini ya safu ya seli kuna utando mwembamba, kama ukuta wa uani, unaosema hapa ndio mwisho, usipite. Seli ya saratani ingekaa nyuma ya ukuta huo tu, ingeweza kukatwa ikatoka. Lakini haikai. Inatoa vimeng'enya, vile vinavyoitwa proteasi, ambavyo kazi yake ni kukata protini. Vinakata nyuzi, vinatoboa utando, seli inapenya, inaingia kwenye mshipa wa damu, na damu inaibeba. Ikifika kwenye ini au mfupani inakata tena, inaingia, inakaa.

"Haina meno wala haina miguu," nikasema, na hapo nikachukua kipande cha nyama kutoka kwenye sinia yake, nikakibonyeza mbele yake mpaka kikaachana. "Ni kama papai lako hili, mama mdogo. Papai lina kimeng'enya cha aina hiyo hiyo. Ndicho kinachokata nyama ikalainika. Basi ndivyo saratani inavyofanya ndani ya baba mdogo."

Kadzo akaguna. Mama mdogo akakitazama kile kipande kwa muda. Kisha akasimama, akaenda kwenye pipa, akaosha mikono. Akaiosha tena, safari hii kwa sabuni, akisugua baina ya vidole. "Nimefahamu, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie elimu."

Nami nikafurahi. Nilikwenda kulala nikijiona nimetoa msaada.

Asubuhi ya pili yake niliamshwa na kishindo cha mpapai ukianguka. Mama mdogo alikuwa ameukata mwenyewe, kwa panga la kuni. Baba mdogo akauliza kutoka kitandani kuna nini. "Ulikuwa wazuia kamba ya nguo," akamjibu. Yale mapapai hakumpa jirani, hakuyatia kwenye kachumbari, hakuyaacha yaive. Alichimba shimo akayafukia yote, mazima. Nikaona ni huzuni tu, nikasema moyoni kila mtu na msiba wake.

Katika wiki zilizofuata alipunguza kazi za harusi mpaka zikawa hazipo. Nyumbani chakula kikabadilika. Kwa muda alimpa uji, mchuzi wa kunde, samaki aliyechemshwa. Lakini baba mdogo alitamani nyama. Wagonjwa wengi wa namna ile hupoteza hamu ya kula. Yeye hamu ilikuwa imemwacha kwa vitu vyote isipokuwa kimoja, ile nyama ya Ijumaa aliyoila tangu alipooa. Basi akaipika, na ikawa ngumu. Nakumbuka mezani sikuthubutu kutazama. Baba mdogo, ambaye mashavu yake yalikuwa yamebaki ngozi, alitafuna kipande kimoja muda mrefu mno, akitulia kuvuta pumzi, akatafuna tena. Mwisho alikiweka ukingoni mwa sahani akakifunika kwa wali. "Tamu," akasema. Mama mdogo alikiona. Mimi nilimwona amekiona. Ijumaa ya pili ikawa vile vile, na ya tatu, na kile kilima kidogo cha wali ukingoni mwa sahani kikawa jambo tulilolizunguka sote kama shimo njiani.

Kadzo ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Alikuja siku moja akaonja kutoka kwenye sufuria, akatema mkononi. "Lo! Zuhura! Hii nyama au soli ya kiatu? Mpishi wa watu, leo mgonjwa wako atafuna asimeze!"

"Niache, Kadzo."

"Sikuachi. Papai liko wapi? Umeukata mti, haya. Mimi kwetu mapapai yaoza chini. Nitakuletea gunia."

"Usilete!" Nilikuwa dirishani kwangu, nikamwona ameunyosha mwiko kumzuia. "Usiniletee lile dude hapa. Miaka ishirini na minane, Kadzo. Kila Ijumaa. Mimi ndiye niliyemlisha, kwa mikono hii. Limemkata ndani polepole, mpaka leo. Mtoto mwenyewe kanionyesha, na nyama kaishika."

Nilitoka nje bila viatu. Sijui nilisema nini mwanzoni, nadhani niliita tu, mama mdogo, mama mdogo. Nilimwambia siyo. Nilimwambia ule ulikuwa mfano tu, ya kwamba seli za saratani zinatengeneza zenyewe makasi yao, yaani vile vimeng'enya, tena huzishawishi seli jirani zilizo nzima zitengeneze pia. Ya kwamba hata mwili wenye afya unayo makasi hayo na unayahitaji: kidonda hakifungi bila kukata nyuzi zilizoharibika, na chakula hakisagiki tumboni. Tofauti ni kwamba mwili wenye afya una kufuli, protini nyingine zinazoyafunga makasi kazi ikiisha, na saratani imepoteza hizo kufuli au imezishinda kwa wingi. Papai haliingii katika hesabu hiyo. Likipikwa, moto unakiharibu kimeng'enya chake. Likiliwa bichi, tumbo linakisaga kama protini nyingine yoyote. Halifiki mapafuni. Nilieleza vizuri, wallahi. Sijawahi kueleza vizuri kuliko siku ile. Naye akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekupa pole kwa lugha usiyoijua.

Basi nikasema nitamwonyesha. Kadzo akaleta mapapai mawili kutoka kwao. Nikalikuna moja, nikagawa nusu kwa nusu. Nusu nikaiacha mbichi. Nusu nikaichemsha na maji kidogo ikatokota muda mrefu, kisha nikaiacha ipoe kabisa. Nikakata vipande viwili vya nyama kutoka paja moja, nikapaka kimoja papai bichi na kingine lile lililochemshwa, kila kimoja bakuli lake. Baba mdogo akaomba kitanda chake kisogezwe mlangoni. "Mimi ndiye kadhi," akasema. Tukasubiri kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Alikuwa akipumua kama mtu anayepanda mlima, lakini macho yake yalikuwa na mchezo ambao sikuuona tangu Mombasa.

Nikawaletea mabakuli. Kile cha papai bichi kilikuwa laini, uso wake umeteleza, ukikibonyeza kinaacha alama. Kile kingine hakikubadilika hata kidogo. Baba mdogo alikibonyeza kwa kidole gumba. "Hiki," akasema, "ni buti la polisi." Kadzo akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Nikamgeukia mama mdogo. "Umeona? Moto umeua ile nguvu. Nyama yako yote uliyompa ilipita motoni. Hukumlisha chochote kibaya. Hata siku moja."

Alikibonyeza cha kwanza, akakibonyeza cha pili. Akarudia. "Nimeona," akasema.

"Basi nipikie," baba mdogo akasema kutoka mlangoni. "Zuhura. Nipikie kama zamani."

Ijumaa ile alipika. Papai la pili la Kadzo lilikunwa, nikalisikia kutoka chumbani kwangu, ule mkwaruzo wa mbuzi ya nazi niliokuwa nimeukosa bila kujua. Harufu ya bizari na kitunguu kilichokaangwa ikajaa nyumba. Baba mdogo akaegemezwa kwa mito mitatu, akakataa kuanza. "Kaa kwanza." Akakaa. Akala vipande vitatu. Vitatu vizima, vilivyoyeyuka mdomoni bila kutafunwa, na mchuzi akaumalizia kwa mkate. "Leo umerudi, mke wangu," akasema. Nakumbuka mama mdogo hakuwa akiitazama sahani ya mumewe wala uso wake. Alikuwa akikitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Nikadhani ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi.

Akapika tena Ijumaa iliyofuata, naye baba mdogo akala kipande kimoja. Ya tatu, alinusa tu. Baada ya hapo maumivu ya nyonga yakawa makubwa, akapewa dawa ya kumlaza, na mvua za masika hazijaanza akawa ametutoka. Nilikuwa nimeushika mkono wake, ule wa kuinulia mawe. Nilijua jina la kila kimeng'enya kilichokuwa kikikata njia ndani yake. Nilijua kinakata nyuzi zipi. Nilijua kwamba wataalamu walikuwa wamejaribu dawa za kuyafunga yale makasi, na kwamba nyingi ziliwavunja moyo, kwa sababu makasi ni ya aina nyingi, na ukiyafunga ovyo unafunga pia yale yanayoutunza mwili. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, na mkono ukapoa ndani ya mkono wangu.

Nimeisimulia habari hii darasani kila mwaka tangu nianze kufundisha. Niliisimulia kama hadithi ya ushindi, ushindi mdogo ndani ya kushindwa kukubwa. Huwaambia wanafunzi: maelezo yangu yalimwumiza mtu, nikayarekebisha kwa mabakuli mawili, na mgonjwa akala. Wengine huandika kwenye daftari, "Tumia vitu wanavyovijua." Nami nilikuwa nikiwapigia alama ya vema.

Wiki iliyopita, pale kwenye mkeka, Kadzo alinisogelea. Amezeeka, kicheko kimemshuka kimebaki mabegani. "Shikamoo," nikamwambia, akaitikia akanishika goti.

"Eti bado wawafundisha watu ile habari ya papai?"

"Nawafundisha."

"Basi waongezee na hii." Akatazama jikoni, ambako wanawake walikuwa wakiosha masufuria yale yale. "Zuhura hakutia papai tena. Tangu mumewe azikwe mpaka juzi. Harusi zote zile. Alikuwa akiamka alfajiri, aichemsha nyama kwa moto mdogo, aitia maziwa ya mgando, akaa nayo nusu siku. Watu wakisema kapata ufundi mpya."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia aliona kwa macho yake, aliibonyeza nyama kwa kidole, alisema nimeona.

"Aliona nyama," Kadzo akasema. "Ijumaa ile mimi nilikuwa naye jikoni. Alikuna papai, machozi yaingia humo humo. Akaniambia, 'Kadzo, mume wangu aniomba sumu yangu, nami sina kitu kingine cha kumpa.' Basi akampelekea. Akaketi, akamtazama akila."

Sauti za masufuria ziliendelea. Nilikuwa na swali moja, na nililiuliza kama mtoto. "Mbona hakuniambia? Ningemweleza tena. Ningemweleza kila siku."

Kadzo alinipapasa goti, taratibu, kama unavyomtuliza aliyefiwa. "Angekwambiaje, mwanangu? Ulikuwa umefurahi vile."

Miaka yote hiyo, basi. Mwanamke yule alibeba mauti ya mumewe mikononi mwake, akanipokea kila Idi, akanikalisha, akanipakulia, akaniuliza habari za wanafunzi wangu. Nami nikala nyama yake laini nikamsifu. Sasa hayupo wa kumweleza. Nimekaa na maelezo yangu mazuri, sina pa kuyapeleka.

Kwa hiyo nakupa wewe jambo moja, nawe unaweza kulifanya hata kama hukusoma. Siku utakapomweleza mtu ugonjwa wake au wa mtu wake, ukimaliza usimwulize kama ameelewa, maana atakuambia ndiyo. Mwambie akueleze yeye, kwa maneno yake, amesikia nini na ugonjwa anadhani umetoka wapi. Kisha funga mdomo, na usinyanyuke mpaka amalize.